Maswali ya Wasomaji: Pointa janja zipo, memori bado inajaa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kwa lugha ya C++ programu ya kuorodhesha mizigo ya boti zinazotoka Kigoma kwenda Kalemie na Bujumbura. Ikiwashwa asubuhi, kufikia jioni inakuwa imekula memori hadi kompyuta inagoma, na dawa ni kuizima na kuiwasha upya. Nilishauriwa niachane na new na delete (amri za kuomba na kurudisha memori kwa mkono), nikabadilisha pointa zote, yaani vielekezi vya mahali kitu kilipo kwenye memori, kuwa pointa janja (zinazorudisha memori zenyewe) za aina ya shared_ptr: kila boti inashika mizigo yake, na kila mzigo unashika boti yake. Hali ni ile ile. Je, hizi pointa janja zina faida gani?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, faida zipo, ila umetumia aina moja mahali palipohitaji mbili. shared_ptr huweka hesabu ya wote wanaoishika objekti, na objekti hufutwa pale tu hesabu hiyo inapofika sifuri. Chukua boti yenye mizigo 40: orodha kuu inaishika mara 1 na mizigo mara 40, jumla 41. Boti ikishaondoka bandarini na kutolewa kwenye orodha kuu, hesabu inashuka hadi 40 na kukwama hapo, kwa sababu mizigo inaishika boti ilhali boti nayo inaishika mizigo, na hakuna upande unaoweza kutangulia kuachia. Kila safari huacha mzunguko wa namna hiyo kwenye memori.

Amua kwanza nani mmiliki. Hapa ni boti. Basi iishike mizigo kwa unique_ptr, ambayo hukubali mmiliki mmoja tu na kwa kawaida haizidi ukubwa wa pointa ya kawaida. Mzigo nao uitazame boti kwa weak_ptr, isiyoongeza hesabu. Ukitaka kuisoma boti unaita lock(), nayo inakurudishia pointa tupu iwapo boti imekwisha kufutwa. Wapo watakaokuambia kwamba pointa ya kawaida ingetosha, maana mzigo haudumu kuliko boti yake. Ni kweli, lakini siku utakapouhamishia mzigo boti nyingine kwa std::move (amri ya kuhamisha umiliki) ukasahau kurekebisha pointa hiyo, utakuwa unasoma memori iliyokwisha kurudishwa, kosa ambalo ni gumu kulinasa kuliko hili la sasa.

Mafunzo yanayotumia auto_ptr, pointa janja ya zamani, yaache. Iliondolewa katika toleo la C++17.

Ukimaliza kurekebisha, kama unatumia Linux, ijenge programu kwa g++ ukiongeza -g na -fsanitize=address, iendeshe, kisha uifunge: memori iliyoombwa bila kurudishwa, na ambayo programu haiwezi tena kuifikia, itaorodheshwa pamoja na mstari ulioiomba.