Jiwe Hilo Lilishuka na El Niño

Wiki iliyopita nilikuwa na vijana wanne wanaosoma jiolojia, nimewapeleka fildi kule Kiwira, jirani na Daraja la Mungu. Sijazima hata gari, mmoja kashateremka mtoni, kaweka dira juu ya jiwe lililokaa katikati ya maji, anapaza sauti: "Mwinamo digrii 60, mzee!" Yaani tabaka la mwamba limelala kwa pembe hiyo kutoka usawa. Jiwe lenyewe la mviringo kama andazi. Mto umeliviringisha miaka na miaka, na masika ijayo litahamia kwa jirani. Mwenzake aliyeshika daftari naye akaandika: 60.

Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikanyamaza. Kijana yule namfahamu. Miaka ya nyuma alikuwa na mwili mwembamba kuliko huu wangu na alijiona mjiolojia wa kwanza kuzaliwa kusini mwa Makambako. Nimeamua kuyaandika haya ili mwakani nisiyarudie kwa mdomo kwenye vumbi.

1. Nyundo ikae mbali na dira. Bado mnaichomeka kiunoni, mnainama kusoma, kisha mnashangaa tabaka limegeuka kaskazini. Mshale unafuata chuma, haujali GPA yako. Na kule Liganga, Ludewa, mshale unazubaa hata bila nyundo, maana mlima wenyewe umejaa magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku. Pale tumia ramani, vilele na jua.

2. Chini hakuna bahari ya moto. Hili nalisema kwa hasira kidogo. Mmoja wenu alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili akaeleza kwamba tumekalia ganda jembamba, na chini yake ni uji wa moto mtupu hadi katikati ya dunia, ndiyo maana Rungwe ni volkano. Mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Sasa sisi tuhame lini?" Kijana akaniangalia mimi. Nilitumia saa nzima kuuzima moto ambao sikuuwasha.

Mantili, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda na kiini, ni mwamba mgumu. Mawimbi ya S ya mitetemeko hayapiti kwenye kimiminika, lakini mantili yanaipita vizuri tu, hadi yanapofika kina cha kilometa 2,900 hivi, ndipo yanakwama. Hapo kinaanza kiini cha nje, chuma na nikeli vilivyoyeyuka. Kwenye kilometa 5,150 hivi mambo yanageuka tena: kiini cha ndani ni kigumu, na aliyekitambua ni mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, mwaka 1936, kwa kuyafuatilia mawimbi yaliyojitokeza mahali ambapo hayakutarajiwa. Hakuna aliyeshuka kuchungulia. Shimo la Kola kule Urusi, lililochimbwa kwa miaka mingi, liliishia mita 12,262. Hadi katikati ni kilometa 6,371. Piga hesabu mwenyewe uone tumekwaruza kiasi gani.

Mwamba huo mgumu unatiririka, lakini polepole mno. Mkitaka mfano msiende mbali, nendeni barabara ya Tunduma mkaangalie lami mahali malori yanapopanda mlima kwa gia ndogo. Ukiigonga lami ni jiwe, inakuumiza kidole. Lakini imekunjamana, imefanya mitaro ya matairi, pembeni imetuna. Haikuyeyuka. Imelemewa kwa muda mrefu.

Basi magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inatoka wapi? Muulizeni mama yeyote aliyehamia Mbeya kutoka Dar kwa nini maharage ya huku yanakula mkaa. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa inatulemea kidogo tu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mgandamizo ukipungua, kitu kinageuka hali kwa joto dogo zaidi. Mantili nayo hivyo hivyo: bonde la ufa likitanuka, ganda likawa jembamba, mwamba wa moto unapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu yake ndogo inayeyuka bila kuongezewa ukuni hata mmoja. Kwetu mikono mitatu ya ufa inakutana, wa Rukwa, wa Nyasa na wa Usangu, na Ngozi, Rungwe na Kiejo zimekaa pale pale kwenye njia panda. Kiini hakihusiki na lava ya Kiejo. Nikisikia tena "lava kutoka kwenye kiini" nakushusha Uyole, utapanda bajaji.

3. Hakikisha jiwe ni la hapo. Hapa ndipo kwenye kidonda changu, vumilieni.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Tulipelekwa Matema, pembezoni mwa Ziwa Nyasa, watatu kwenye kundi moja: mimi, jamaa mmoja mpole, na dada mmoja aliyekuwa anatushinda wote akili ila hakupenda kubishana. Kazi yetu ilikuwa kuchora ramani ya naisi za Milima ya Livingstone, miamba ya mistari iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, yenye umri wa karibu miaka bilioni mbili, iliyosimama juu ya ziwa kama ukuta. Anayeijua Matema anajua ukuta huo. Jua lake, mteremko wake, na njia za mbuzi ambazo hata mbuzi wanazifikiria mara mbili.

Tukagawana. Wenzangu wakachukua juu. Mimi nikajitolea, kwa moyo mweupe kabisa, kushughulikia chini, kwenye miembe, karibu na wauza mbasa. Kule chini mawe ni mengi, mengine makubwa kama Hiace, yana mistari mizuri ya naisi, meupe na meusi, kana kwamba yamechorwa kwa rula. Siku mbili nikapata vipimo 38. Wenzangu wawili kwa pamoja walikuwa na 19. Jioni nikiwa nakula wali wa Kyela niliwauliza kama wanahitaji msaada wangu. Dada aliniangalia, akaendelea kula.

Usiku nikachora kwa mwanga wa kandili. Vipimo vyangu vilikataa kukubaliana. Kimoja kinainama mashariki, cha jirani yake hatua kumi kinainama magharibi, kinachofuata kimesimama wima. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza swali moja dogo. Mimi nikachora mkunjo, kana kwamba mwamba umekunjwa kama kitambaa. Ulipokataa kuvitosha vipimo vyote, nikaongeza mkunjo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kufika saa sita usiku nilikuwa na awamu tatu za mikunjo, na kwenye ripoti nimeandika aya ndefu kuhusu nguvu zilizopanda kutoka mpaka wa kiini na mantili, kilometa 2,900 chini ya miembe ya Matema. Aya ile naikumbuka karibu neno kwa neno. Wakati mwingine inanijia nikiwa naoga.

Msimamizi alifika Jumamosi. Akaitazama ramani muda mrefu bila neno, kisha akasema, "Nipeleke kituo namba 14." Namba 14 lilikuwa jiwe langu pendwa, kubwa, limelala kwa heshima. Tukakuta kivulini mwake ameketi bibi mmoja na vyungu vyake, anapumzika kabla ya kuendelea na safari ya sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnapima nini tena?"

Msimamizi alikuwa anafungua kinywa, mimi nikamwahi. Nikamweleza bibi, kwa Kiswahili sanifu na mikono hewani, kwamba jiwe hili lilikunjwa hapa hapa na nguvu za chini ya dunia miaka bilioni mbili iliyopita.

Bibi akaligeukia jiwe, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayehakikisha ng'ombe ni wake.

"Hili? Hili lilishuka na El Niño, mjukuu wangu. Lilipita kwenye mihogo ya mdogo wangu, likasimama hapa. Tulidhani litafika ziwani."

Msimamizi hakucheka. Afadhali angecheka. Aliketi chini karibu na bibi akaanza kumuuliza moja baada ya jingine. Lile pale? Hilo alilikuta alipoolewa. Na lile lenye mwembe? Hilo lilikuwa na wenzake wawili, wakavunjwa wakajengea msingi wa kanisa. Bibi alikuwa na historia ya mporomoko wa mlima mzima, kwa majira, kwa mashamba yaliyopotea, kwa majina ya wenye mashamba. Mimi nikaamriwa niandike anachosema, kwenye daftari lile lile, chini ya aya ya mantili. Alipomaliza akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Maksi nilizopoteza nimeshazisahau. Kilichoniuma ni kwamba wenzangu walikuwa wameunganisha ramani zao na yangu, wakaipinda ya kwao sahihi ili ifanane na mikunjo yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa na vipimo 38 na nilikuwa naongea kwa sauti. Ilibaki siku moja. Tulipanda wote watatu kurudia, dada goti limevimba tangu juzi yake, anapanda kwa fimbo. Hakunilaumu. Tulipofika juu, kwenye mwamba mama wenyewe, ule ambao haujang'oka, mistari yote ilielekea upande mmoja, mita hadi mita, kama wanajeshi kwenye gwaride. Vipimo sita tu, na ramani ikaeleweka. Akaniambia, "Andika wewe, mimi nimechoka." Basi.

Kwa hiyo: mawe matatu jirani yakikataa kukubaliana mwinamo, huna mkunjo, una mporomoko. Tazama juu, jiulize limetoka wapi. Zunguka uone kama limeshikana na lililo chini yake. Na mwulize mwenyeji kabla hujafungua dira.

Msije mkadhani jiwe lililotembea halina faida. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wakiokota kipande cha kwatzi chenye kutu hawakipimi mwinamo, wanapandisha nacho mteremko, wanahesabu vipande vinavyoongezeka, na vinapokatika ghafla wanarudi hatua chache na kuanza kuchimba. Hawajasoma tunachosoma, ila mshipa wanaupata. Na jiwe lililosafiri kuliko yote liko Mbozi: kile kimondo, tani zinazokadiriwa kuwa 16, karibu asilimia 90 chuma na 8 hivi nikeli. Inadhaniwa ni kipande cha kiini cha kijidunia kilichovunjika huko angani, ndiyo maana nawapeleka pale kabla sijawaeleza chochote kuhusu kiini cha dunia yetu. Shimo lake halijapatikana. Mwaka juzi kijana mmoja alitoa klinomita akakipima mwinamo. Nilikwenda nikakaa kwenye gari.

4. GPS yako iko kwenye WGS84, karatasi nyingi za ramani zetu ziko kwenye Arc 1960; ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabia mahali ulipo. Usipobadilisha, kituo chako kinahama karibu mita 300, na huko Tukuyu hiyo inatosha kukutoa kwenye chai ya mtu mmoja na kukuingiza kwenye ndizi za mwingine. Wa Iringa nao wakumbuke kwamba kabla hujamaliza kushuka Kitonga umeshaivuka longitudo ya nyuzi 36, kanda ya ramani imebadilika.

5. Tindikali ikitoa povu juu ya jiwe usikimbilie kuandika marumaru. Travatini ya Songwe, jiwe la chokaa lililoachwa na maji ya chemchemi, inatoa povu, na Mlima Panda uliopo jirani unatoa povu pia, ilhali ule ni kabonatiti, magma iliyopanda ikiwa imejaa kaboneti. Chupa ikae kwenye mfuko wa begi. Mfuko wa suruali nimeshaujaribu kwa niaba yenu.

6. Kule Rungwe ukikuta panzi na ndege wamekufa kwenye kishimo kisicho na harufu, usiiname kuchukua sampuli. Hewa ukaa inatoka ardhini, ni nzito, inatuama bondeni hasa asubuhi kabla ya upepo. Rudi ulikotoka.

7. Ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kugonga jiwe la kwanza. Ukianza kugonga kimyakimya, saa nne asubuhi kijiji kizima kinajua umekuja kufukua rupia za Mjerumani, na saa sita wanakuja kudai fungu lao. Ukikutana na wazee wa Kinyakyusa salimia "ugonile", utaona sura inavyobadilika.

8. Andika hapo hapo, kwa penseli. Usiku unakumbuka ulichotamani kukiona.

9. Yule wa jiwe la mtoni jana kanipigia simu. Karudi Kiwira kwa nauli yake, kapanda kingo, kaupata mtiririko wa lava wenyewe, kapima upya. Akaniambia pia kwamba kampata mzee mmoja anayevua pale, akamwuliza jiwe lile lilifika mwaka gani.

"Kasemaje?"

"Kasema lilikuwa pale juu darajani mwaka jana, mzee. Ila anauliza kwa nini tunalitafuta."

10. Lenzi yangu ndogo, yenye kamba nyekundu, haijarudi.