Tuta la maua kabla ya vuli

Umeuliza uanze lini kuandaa tuta la maua. Anza sasa, dada, usisubiri mvua ya kwanza. Yale maelekezo uliyoyaona ya kuandaa bustani majira ya kuchipua ni ya Ulaya, ambako wanangoja udongo ulioganda kwa baridi ulegee kwanza. Huku Mwanza tunaangalia mvua za vuli, kuanzia Oktoba hivi.

Umesema uko Nyegezi, mteremkoni, udongo kichanga kitupu. Huo unatokana na haya mawe yetu: maji yanapita kama kwenye chekeche na mbolea inaondoka nayo. Lima kina cha sentimeta 30 hivi, ung'oe lile gugu la ndago pamoja na vile viazi vyake vidogo vyeusi huko chini. Ukikata majani tu, wiki ijayo utaikuta imesimama. Kisha changanya samadi iliyooza sawasawa, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu ya zizi. Mbichi itakuunguzia miche. Ndoo moja kwa kila mita ya mraba inatosha.

Matuta yakingame na mteremko, yasishuke nao, na ukingo wa chini uzibe kwa mawe (hayo angalau hununui).

Gugu maji la ziwani linafaa sana kufunika udongo, ila lianike juani mpaka likatike mkononi. Maua ya zinia sia mbegu hapo hapo tutani mvua ikianza. Mawaridi subiri ikolee, udongo uwe umelowa mpaka chini.