Maswali ya Wasomaji: Akikuambia "holler", usipige kelele

SWALI: Binamu yangu aliyeko Marekani kaniandikia, "Holler if you need anything." Kamusi inaniambia "holler" ni kupiga kelele. Nipige kelele nikiwa Morogoro anisikie? Na neno lenyewe asili yake nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mtumie meseji tu. Binamu anakwambia, "Ukihitaji chochote, nishtue." Kelele ndiyo maana ya msingi, ila ni kelele ya aina yake: sauti inayotupwa mbali ili mtu aliye upande wa pili wa shamba asikie.

Panapotega ni kile kineno kinachofuata. "She hollered to me": aliniita kwa sauti kutoka mbali. "She hollered for help": alipiga yowe kuomba msaada. "She hollered at me" kwa kawaida ni alinifokea. Basi ukiandika kwamba shangazi "hollered at me" getini, kumbe alikuwa anakukaribisha, umemsingizia ugomvi. Sisi tofauti hiyo tunaiweka kwenye kitenzi chenyewe: kuita, kupiga yowe, kufoka. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kikabadili kineno, na wanafunzi wetu huteleza hapo hapo. Vijana wa Marekani nao wana "holler at me" isiyo na ugomvi wowote, yaani "nicheki". Hiyo utaijua kwa mazungumzo yanavyokwenda.

Asili yake ni Kifaransa, "holà": "ho" ya kuita na "là", yaani hapo. Ni kama kusema, "We! Simama hapo!" Waingereza waliichukua katika karne ya 16 wakasema "holla", ikazaa "hollo" na hatimaye "holler". "Hello" nayo imo katika ukoo huo huo. Mwaka 1877 Thomas Edison alipendekeza itumike kuitia mtu kwenye simu, ilhali Alexander Graham Bell alipendelea "ahoy" ya mabaharia. Huko kusini mwa Marekani, "field holler" ni ule mwito mrefu wa mtu mmoja uliosikika kwa Weusi waliofanya kazi mashambani, na huhesabiwa miongoni mwa chemchemi za muziki wa blues.

SWALI: Naweza kulitumia kwenye barua ya kazi? Wakati uliopita una "r" ngapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwenye barua andika "shout", "holler" ni la mazungumzo. "R" ni moja: "hollered", "hollering". Herufi hurudufiwa pale mkazo unapoangukia silabi ya mwisho, kama "refer" inavyokuwa "referred". Hapa mkazo uko mwanzoni. Ukikutana na "he lives up the holler", usitafute kelele: ni "hollow" kwa matamshi ya wenyeji wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, yaani bonde jembamba katikati ya vilima.