Mnyororo wa Ising: hesabu yako iko sawa, njia ndiyo imefika ukomo

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza kuhusu mnyororo wa Ising, yaani safu ya spini (sumaku ndogondogo za kikwantamu) ambapo J ni nguvu inayozipanga spini jirani upande mmoja na h ni uga wa sumaku wa kukingama unaovuruga mpangilio huo: kwa nini njia ya uga wa wastani inakupa badiliko la awamu (mpangilio kutoweka) kwenye h = 2J, wakati kitabu kinasema h = J. Njia hiyo humhesabu kila jirani kama wastani tu. Kwenye mnyororo, spini ina majirani wawili pekee, hivyo mitikisiko ya kikwantamu inayovunja mpangilio ni mikubwa, nayo njia yako inaitupa yote! Mwanafizikia Pfeuty alitoa jibu kamili, h = J, mwaka 1970.

Kwa tasnifu, anza na spini 10: hali 1,024 tu, kompyuta mpakato yako inaziweza. Spini 30 zina hali zaidi ya bilioni, usijaribu. Chora pengo la nishati (tofauti kati ya viwango viwili vya chini kabisa) dhidi ya h, kisha niandikie. Wikiendi nitakuwa hapa Arusha.