Laki moja ya ziada na barua ya mistari minne: tunavyolipa mkopo wa nyumba huku tunalea

Mwaka wa kwanza wa mkopo wetu wa nyumba ulipoisha niliomba benki taarifa ya mkopo, nikakaa nayo mezani huku Neema, ambaye wakati huo hajatimiza hata miaka miwili, akiichorachora pembeni kwa kalamu. Tulikuwa tumelipa marejesho 12 ya shilingi 881,000 na ushee, jumla kama 10,574,000. Tulianza na deni la 60,000,000. Salio lililoandikwa chini kabisa lilikuwa 58,950,000.

Nikajua benki wamekosea. Nikampa Baba Neema, maana ndiye mhasibu wa kujiteua nyumbani kwetu. Akasoma, akanyamaza, akatoka nje kumwagilia mche wake wa mwembe.

Benki hawakukosea. Mkopo wetu ni wa miaka 15, riba 16% kwa mwaka, inayopigwa kwenye salio lililobaki. Asilimia 16 ya milioni 60 ukigawa kwa miezi 12 ni laki nane kamili. Kwa hiyo katika rejesho la kwanza la 881,000, laki nane ilikwenda kwenye riba na 81,000 tu ndiyo iliyogusa deni. Mwezi wa pili deni linapungua kidogo, riba inashuka kwa shilingi elfu moja na kitu, na sehemu ya deni inapanda kwa hiyo hiyo elfu moja na kitu. Ndivyo mnavyokwenda, kama konokono anapanda mnazi. Ukifuata ratiba mpaka mwisho unakuwa umelipa milioni 158 na nusu kwa nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni ambayo ukuta wake wa uzio bado hatujajenga.

Mama yangu alipoambiwa hesabu hiyo alishika kiuno. "Mwanangu, mnanunua nyumba mbili na nusu mnapewa moja?" Yeye na marehemu baba walijenga kama wengi walivyojenga: kiwanja kwanza, tofali mwaka huu, msingi mwaka ujao, bati baada ya miaka tisa. Mkopo mrefu wa nyumba kwa mtu wa mshahara wa kawaida ni jambo la juzijuzi hapa kwetu. TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hii, ilianzishwa mwaka 2010, na mama alikuwa ameshahamia kwake zamani. Simlaumu. Lakini nilimkumbusha kwamba tulikuwa tunapanga Sinza kwa kodi ya miezi sita mkupuo, na kila baada ya miezi sita tulikuwa tunakopa kikoba ili tulipe kodi. Deni tulikuwa nalo tayari, ila halikuwa na nyumba ndani yake.

Sasa, nilipoelewa kwamba mwanzoni karibu kila kitu kinakwenda kwenye riba, nikaelewa na upande wa pili: shilingi yoyote unayoongeza juu ya rejesho haikatwi riba, inakwenda yote kwenye deni. Kwa mkopo kama wetu, milioni moja ukiilipa mwishoni mwa mwaka wa kwanza inafuta karibu marejesho kumi ya mwisho. Milioni hiyohiyo ukiilipa mwaka wa 14 inafuta rejesho moja na kitu. Hesabu hii niliirudia mara tatu kwenye kaunta buku kabla sijaiamini.

Basi zamu yangu ya upatu ilipofika, nikachukua milioni moja yangu, nikaenda benki kuiweka kwenye akaunti inayokatwa rejesho. Nikarudi nyumbani najisikia mjanja kuliko mji mzima. Mwezi uliofuata nikaomba taarifa, salio la deni limeshuka kama kawaida, na milioni haionekani. Nikaenda kwa afisa mikopo nikiwa nimejaa.

"Dada, ulileta barua?"

"Barua ya nini, kaka? Si nimeweka hela kwenye akaunti?"

"Mfumo unajua kukata rejesho tarehe 25, basi. Haujui kwamba hii nyingine ulitaka ipunguze deni."

Rejesho la mwezi ule lilikatwa kutoka kwenye ile milioni. Mshahara wangu unapitia akaunti hiyohiyo, na mimi nilipoona umebaki karibu mzima nikajiona nina nafuu, nikanunua kabati la nguo. Kwa hiyo milioni yangu ya kufuta miezi kumi ipo chumbani, ina milango mitatu na kioo.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye barua ya ofa, ukurasa wa saba, aya ndogo: malipo ya ziada yapokelewe kwa maandishi. Tulisaini wote wawili. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, kwa hiyo hata mimi niliitwa kwenye meza ile. Nikasaini pale palipowekwa alama ya penseli. Nakuomba wewe usome. Tafuta mambo mawili hasa: wanatoza ada gani ukilipa kabla ya muda, na ukiongeza hela kinachopungua ni nini, rejesho au muda. Benki nyingine zikipokea malipo ya ziada zinakushushia rejesho na kuuacha muda ulivyokuwa. Inapendeza, unaona mwezi ujao unalipa pungufu. Lakini nafuu ile italiwa na matumizi kama kabati langu, na miaka 15 inabaki 15.

Mwaka wa pili zamu ya upatu ilipozunguka tena, nilikwenda na barua. Ilikuwa hivi: "Naomba shilingi 1,000,000 iliyopo kwenye akaunti yangu ilipwe moja kwa moja kwenye deni la msingi la mkopo wangu. Rejesho la kila mwezi libaki lilelile. Kinachopungua kiwe muda wa mkopo. Naomba kupewa ratiba mpya ya marejesho yenye muhuri wa benki." Nakala mbili, moja wakagonga muhuri wa kupokelewa nikaondoka nayo. Wiki mbili baadaye ratiba mpya ikaja, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Angalau kabati limefanya kazi.

Hapa kuna mtu atasema: sawa, lakini mwenzetu milioni unaitoa wapi ukiwa na watoto wadogo? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulijua. Sisi tulikuwa tunaingiza kama 2,300,000 mkononi, wote wawili. Tulikuwa tunapiga bajeti ya mwezi: rejesho, chakula, mshahara wa dada wa kazi, nauli na tozo ya daraja, gesi, umeme wa LUKU, pampasi. Kila mwezi ulikuwa unafunga vizuri kwenye daftari. Kila Januari tulikuwa tunalia.

Bajeti ya mwezi haimwoni Januari. Haioni sare, wala bima ya afya inayolipwa mara moja kwa mwaka, wala nauli za kwenda Iringa kwa bibi mwezi wa 12. Tulipoanza kuandika gharama za mwaka kwenye ukurasa mmoja, zilikuwa hivi: ada ya chekechea 1,600,000, basi la shule 600,000, sare na vifaa 250,000, bima ya afya 750,000, safari ya Iringa 400,000. Jumla 3,600,000, yaani laki tatu kila mwezi ambayo tulikuwa tunajifanya haipo. Sasa inahamishwa siku mshahara unapoingia kwenda UTT, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, kwa sababu kutoa hela huko kunachukua siku kadhaa, na siku hizo kadhaa zimeniokoa na mambo mengi ya kijinga. Pesa ya simu haifai kwa kazi hii. Hela iliyo kwenye simu ni ya muuza samaki.

Msomaji mmoja wa hesabu atauliza kwa nini nisiweke zote huko nipate faida badala ya kupunguza deni. Faida tuliyopata sisi huko haijawahi kufika 16%. Kila shilingi ninayopunguza kwenye deni inaniepusha na riba ya 16, kwa uhakika, bila kungoja bei ya kitu chochote ipande. Huko tunaweka hela ya ada na ya dharura tu.

Na dharura ije kwanza kabla ya ziada. Mwaka ule wa pili, kwa uroho wa kupunguza deni, tuliahirisha bima ya afya "mpaka mwezi wa sita". Mwezi wa nne Neema akashikwa na nimonia, siku tano hospitali, na bili ikameza zaidi ya rejesho zima la mwezi. Afisa mikopo alipiga simu tarehe 27 kwa sauti ya upole sana, ule upole wa watu wa benki. Tulikopa kwa shemeji. Tangu hapo bima inalipwa kabla sijafikiria kitu kingine chochote, na hatuongezi hata mia kwenye deni kama akiba ya dharura haifiki marejesho mawili.

Kilichotutoa hasa hakikuwa kubana. Ilikuwa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Baba Neema alikuwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi kwa ajili ya mkopo wa chuo, shilingi 240,000 kila mwezi, na mwishoni mwa mwaka wa pili wa nyumba akamaliza. Tulijua miezi mitatu kabla. Tukakaa chini tukaamua kabla hela haijaingia: laki moja iongezwe kwenye rejesho, 140,000 iende kwenye kapu la mwaka. Barua ikaandikwa, maelekezo ya kudumu yakawekwa, rejesho likawa 981,000. Mshahara wake wa kwanza bila makato ya bodi ulipoingia, zile 240,000 zilikuwa zimeshapata kazi. Hatukuwahi kuzizoea, kwa hiyo hatujawahi kuzikosa.

Ndiyo mbinu pekee ninayoiamini moja kwa moja ukiwa na watoto wadogo, kwa sababu watoto wadogo wana gharama zinazokuja na kuondoka. Mtoto anaacha pampasi. Anaacha maziwa ya kopo. Mkopo wa pikipiki unaisha. Gharama ikiondoka, ihamishe mwezi huohuo, maana baada ya mwezi mmoja utakuta imeshapata mke na watoto. Baraka alipozaliwa mwaka wa tatu pampasi zilirudi, na tulichofanya ni kuzilipa tu, laki haikuguswa. Lakini pia mwaka ule hatukuongeza chochote kingine, na zamu ya upatu ilikwenda yote kwenye uzazi na likizo. Sioni aibu kusema hivyo.

Michango sasa. Sijui nchi nyingine wanafanyaje, lakini ukiwa na umri wetu Dar es Salaam, kila wiki unaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Tumetenga 50,000 kwa mwezi, ya familia nzima. Kadi ya kwanza na ya pili zinapata, ya tatu naiambia "mwezi ujao, Mungu akipenda". Mwanzoni nilinuniwa. Binamu mmoja aliniandikia "tajiri wa Kigamboni" kwenye kundi, watu wakacheka, nami nikacheka, nikatuma 20,000 yangu nikazima data.

Kwenye chakula sina la maana la kukuambia. Tunanunua mchele kwa gunia tukigawana na jirani, ndizi na mboga Mabibo Jumamosi moja kwa mwezi, na nimejaribu kupunguza nyama nikaona ninachookoa si kikubwa kuliko manung'uniko ya mezani. Niliwahi kupunguza siku za dada pia. Usifanye hivyo kama wote mnafanya kazi. Nilichelewa kazini mara nne ndani ya wiki mbili.

Kuhamisha mkopo kwenda benki yenye riba ndogo tuliulizia. Kuna uthamini mpya wa nyumba, gharama za mwanasheria, na usajili mpya wa rehani kwenye hati. Kwa tofauti ya asilimia moja tuliyopewa, haikutulipa. Ikiwa yako ni tatu au nne, kaa na kikokotoo.

Mwezi huu tumefunga mwaka wa tano. Ratiba ya zamani inasema tungekuwa tunadaiwa milioni 52.6. Iliyopo ndani ya mlango wa kabati inasema 46.4, na mwisho wake umesogea kutoka miaka 15 hadi 11 na miezi minne. Neema anakaribia miaka sita, ameshajua kusoma tarakimu, na juzi aliniuliza kwa nini namba ya chini ni ndogo kuliko ya juu. Zamu ya upatu inanifikia Februari. Barua nimeshaichapa, imebaki kujaza tarehe na kiasi.