Sukari ya asubuhi kupanda bila kula
Dada, umeuliza inakuwaje mama yako alale na sukari ya milimoli 7.1 kwa lita, asiguse chakula usiku kucha, kisha aamke na 10.4. Chakula si chanzo pekee cha sukari kwenye damu. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili hujiandaa kuamka, homoni kama kotisoli huongezeka, nalo ini humwaga kwenye damu sukari ambayo lilikuwa limeihifadhi. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho hutoa insulini ya kutosha kuidhibiti, lakini kwa mama insulini hiyo ni pungufu au haifanyi kazi ipasavyo, ndiyo maana kipimo kinapanda ilhali tumbo ni tupu. Kwa hiyo tafadhali msimtuhumu kwamba anakula kwa siri. Nimeona wazee wakiumizwa sana na tuhuma hiyo.

Huenda pia anakula wali au ugali mwingi karibu na muda wa kulala, au dawa ya jioni inaisha nguvu kabla ya alfajiri. Mpimeni anapolala, saa tisa usiku na anapoamka, kwa siku tatu hivi, akiwa amenawa mikono kwa sabuni na kuikausha, kwani hata maji ya embe yaliyobaki kidoleni hupandisha kipimo. Andikeni namba hizo daftarini mzipeleke kliniki, wala msimwongezee dozi wenyewe, kwa sababu ikiwa saa tisa sukari ilishuka chini ya 3.9, nyongeza hiyo inaweza kumhatarisha akiwa usingizini.