Koleo la kubania terminali za gari
Ndugu yangu wa Ujiji, kwa kuwa umeuliza kama plaizi ya kawaida inatosha kubania terminali (vichwa vidogo vya chuma vinavyobanwa kwenye ncha za waya) za taa za ziada, ninakusihi usiitumie, kwa sababu huiponda terminali bila kuukamata waya sawasawa, kisha mtikisiko wa barabara ya vumbi huulegeza na kiungo hupata moto. Nunua koleo la kubania lisiloachia mpaka mbano ukamilike. Terminali yenye plastiki nyekundu hupokea waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, na ya buluu 1.5 hadi 2.5; lakini zile zisizo na plastiki, zenye mabawa mawili, huhitaji taya za aina nyingine, zinazoyakunja mabawa hayo yakashika nyuzi za shaba. Kisha vuta waya kwa nguvu: ukichomoka, bania terminali mpya.